Miraba Hamsini na Minne

Kovu la figo, likishatiwa rangi yetu, huwa buluu. Nyama nzima hubaki nyekundu. Kwa miaka kumi na moja kazi yangu ilikuwa kuinamia hadubini, kutazama miraba mia iliyochorwa ndani ya lenzi, na kuhesabu ile iliyoangukia buluu. Asubuhi moja kioo chenye kipande cha figo kilikuwa na namba tu, bila jina. Lakini wiki nzima alikuwa amechomwa sindano ya kutoa kipande cha figo mtu mmoja pekee, na mtu huyo alikuwa amenipigia simu kulalamikia mgongo.

Alikuwa kitinda mimba wetu, fundi viatu, asiyeishiwa maneno. Miguu ilipoanza kumvimba alinisikia nikieleza habari za dawa tuliyokuwa tukiijaribu, vipande vifupi vya protini vilivyoundwa maabara ili kuzizuia seli zisitengeneze kovu. Panya wetu walikuwa wamepona vizuri mno.

"Dada, panya wako wanatunzwa kuliko mimi," alinitania. "Si unifuge na mimi?"

Zamu ya kuijaribu kwa watu ilipofika, alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Sharti lilikuwa moja: kovu lisizidi nusu, kwa sababu dawa ile ilizuia kovu jipya tu. La zamani haikuweza kulifuta.

Nasi wahesabuji tulikuwa na sharti letu. Ukimjua mwenye kioo, mpe mwenzako ahesabu. Mwenzangu, mzee tuliyemwita Babu Lenzi, alikuwa hatua tatu kutoka nilipoketi, akifuta miwani yake kwa pindo la koti. Sikumpa. Nasema ukweli, nilitaka kumpendelea mdogo wangu, na nilikaa pale nikiwa na nia hiyo.

Kisha hofu ikaniingia. Kila mraba uliofifia pembeni, ambao siku nyingine ningeupita bila kuwaza, niliuona unanisuta: unaniacha kwa sababu ni ndugu yako. Nikauhesabu. Na uliofuata nikauhesabu. Nilipomaliza, moyoni nilijiona mtu safi. Hamsini na nne. Nikaandika, nikatia sahihi.

Barua ya kumkataa alikuja nayo jikoni kwangu, pamoja na viatu vyangu vya kazini alivyokuwa amevibadilisha soli.

"Miraba minne tu, dada. Huyo aliyehesabu angefumba jicho kidogo, angepungukiwa na nini?"

"Akifumba jicho, nani atamwamini tena?"

Akanitazama, akacheka. "Unaongea kama bosi. Haya, vaa, uone kama vinabana."

Havikubana. Nilitembea navyo kutoka jiko hadi mlango na kurudi, naye akinikagua visigino, nami nikakosa ujasiri wa kumwambia ni nani aliyehesabu. Miaka miwili baadaye, baada ya mashine ya kusafisha damu kumchosha hadi akaacha hata utani, tulimzika.

Utafiti ulipofungwa mwaka jana, ilibidi vioo vyote vihesabiwe upya, hata vya waliokataliwa, na mtu ambaye hakuvihesabu mara ya kwanza. Vyangu vilimwangukia Babu Lenzi. Yeye alihesabu, mimi nikashika daftari la zamani na kumpa kimoja kimoja. Kile nilikijua kwa namba yake. Nilikiweka chini ya lenzi kwa mkono wangu.

Alichukua muda mrefu.

"Arobaini na nane," alisema. "Wewe uliandika ngapi?"

"Hamsini na nne."

"Aa, kawaida." Hakuinua hata kichwa. "Miraba ya pembeni hapa imefifia. Mtu anaweza kuihesabu, anaweza kuiacha. Mimi huwa naiacha."

"Hata mimi," nilisema. "Hata mimi huwa naiacha."

Akaninyooshea kiganja bila kuniangalia, akisubiri kioo kingine. Nikampa.