Kinachopunguzwa Ni Kazi

Kule Longton, mji wa Uingereza wa viwanda vya vyombo vya udongo, mtu akiondoka kiwandani hupewa kadi ya kuagwa, na kadi hiyo huzunguka kwanza. Inatembea ndani ya bahasha kubwa ya kaki yenye orodha ya majina ya idara nzima. Ukishasaini unakata jina lako, unaificha bahasha chini ya sinia la visahani, unampelekea anayefuata. Mwenye kuondoka haruhusiwi kuiona mpaka siku ya mwisho, na siku hiyo anatakiwa ashangae, hata kama wiki nzima amekuwa akiona watu wakificha kitu anapopita.

Enid Tunnicliffe alikuwa amesaini kadi hizo kwa miaka thelathini na minne, na kwenye zote aliandika maneno yaleyale: Kila la heri. Kazi yake ilikuwa kuzungushia vikombe mstari wa dhahabu. Anaweka kikombe juu ya gurudumu dogo, analizungusha kwa mkono wa kushoto, na brashi ya mkono wa kulia inagusa ukingo mara moja tu. Zamani chumba kile kilikuwa na wanawake ishirini na wawili wenye midomo isiyochoka. Mwaka ule walibaki wawili, yeye na Beryl Bossons, wakikaa bega kwa bega wakigawana chapati za nafaka ya oti zilizokunjwa na jibini.

Jumanne moja, saa nne ya chai, mpakiaji mmoja mgeni aliingia, akaangalia orodha, akaweka bahasha mbele ya Enid na kwenda zake. Enid alidhani ni ya mzee Norman wa tanuri, maana Norman alikuwa anastaafu. Akajifuta vidole, akaitoa kadi.

Juu yake palikuwa pameandikwa: Kwa Enid.

Aliisoma mara mbili. Siku tisa kabla, meneja Bagnall alikuwa amewaita yeye na Beryl, akawaeleza kwamba maagizo ya vikombe vya dhahabu yameshuka nusu, na kwamba nafasi moja kati ya zile mbili itapunguzwa. Sheria iliwapa mwezi mzima wa mashauriano, na kabla ya hapo hakuna lolote litakaloamuliwa. "Na mnielewe vizuri," alisema, akisoma kwenye karatasi kama mtoto anayeogopa kukosea. "Kinachopunguzwa ni nafasi, si mtu." Alilirudia hilo mara tatu. Enid alikuwa amelisikia neno hilo maisha yake yote. Baba yake alipunguzwa kwenye mgodi wa makaa, kaka yake alipunguzwa kiwanda cha vigae, na kila mara waliambiwa si wao, ni nafasi. Lakini nafasi haikupata kukaa jikoni mchana kutwa ikitazama ukuta. Aliyekaa ni baba yake.

Sasa mwezi wa mashauriano ulikuwa haujafika hata nusu, na watu kumi na saba walikuwa wameshamtakia kila la heri. Karani wa ofisini alichukua orodha ya idara na kusahau kulifuta jina la mwenye kadi. Kosa dogo tu la mwanadamu. Enid alihisi mashavu yanawaka, akajionea haya, kana kwamba yeye ndiye aliyekosea.

Halafu akaona mwandiko wa Beryl, pembeni kabisa, mdogo kama wa mtu asiyetaka kusomwa. Nisamehe, shoga yangu. Ilikuwa wewe au mimi.

Beryl alirudi kutoka msalani, akaiona kadi mkononi mwa mwenzake, akasimama palepale mlangoni.

"Umejua tangu lini?" Enid akamuuliza.

"Ijumaa."

"Ijumaa ulikula chapati yangu."

"Niliila," Beryl akasema, machozi yakimlengalenga. "Na haikupita kooni. Ningekwambiaje, Enid? Bagnall aliniambia nikifungua mdomo tu, wataangalia upya nani wa kuondoka."

Enid alimpenda Beryl, na dakika ile alimchukia pia, na vyote viwili vilikaa pamoja moyoni bila kusukumana. Alichukua koti lake na kwenda kumtafuta Ray Heath, mwakilishi wa chama cha wafanyakazi.

Alimkuta nyuma ya stoo anavuta sigara. Ray aliisoma kadi, akaitupa sigara na kuikanyaga.

"Mama, hapa wameingia wenyewe kwenye mtego. Wanakwambia hawajaamua, na huku kadi inazunguka? Nikiweka hii mezani, mambo yote yanaanza upya. Wakikataa, tunaenda mahakama ya kazi, na huko watatoka jasho."

"Yakianza upya, jina la nani litatoka?"

Ray akakuna shingo. "Mpo wawili tu, Enid. Hilo hata mimi siwezi kukudanganya."

Wote wawili walimfikiria Wilf, mume wa Beryl. Wilf alikuwa amepulizia vyombo rangi miaka ishirini na mitano, vumbi likajaa mapafuni, na sasa kupanda ngazi ya nyumbani kwake ilimchukua robo saa. Mshahara wa Beryl ndio uliobaki kuiendesha nyumba ile. Enid alikuwa mjane, na nyumba yake ilikuwa kimya. Lakini kazi alikuwa anaipenda, na hakuona kwa nini aitoe bure kwa sababu tu hana wa kumlilia nyumbani. Usiku ule hakulia. Alikasirika, akasugua jiko mpaka likang'aa, akalala.

Alhamisi waliingia ofisini kwa Bagnall, yeye na Ray. Bagnall hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na macho ya mtu asiyelala, na karatasi yake ya kusoma ilikuwa imekunjwakunjwa pembe.

"Kama nilivyosema," akaanza, "hakuna lililoamuliwa, na kinachopunguzwa ni naf..."

Enid akaiweka kadi mezani. Bagnall akaitazama, akafungua, akafunga. Rangi ikamtoka usoni. Ray akavuta pumzi aanze kusema, Enid akamgusa mkono.

"Ngoja, mwanangu. Bwana Bagnall, mimi nina swali moja tu. Kama ni nafasi inayoondoka, mbona kadi ina jina langu?"

Bagnall aliikunja ile karatasi yake, akaiweka kando.

"Kwa sababu umemzidi Beryl umri kwa miaka sita, umekaribia kustaafu," akasema kwa sauti ya chini. "Nilidhani wewe itakuumiza kidogo. Samahani. Huo ndio ukweli."

"Ahsante kwa ukweli. Sasa na mimi nikwambie wangu. Maagizo yameshuka nusu, sawa, nimeyaona mwenyewe, rafu zi tupu. Basi kazi ndiyo iliyopungua. Umetwambia mara tatu kwamba kinachopunguzwa ni nafasi, si mtu, na nafasi ni kazi. Mimi nimekuamini. Ipunguze kazi, utuache sisi tulivyo."

"Sijakuelewa."

"Wiki ina siku tano. Hizo siku tano zinatosha mtu mmoja, na sisi tutazigawana."

Ray alicheka puani. Bagnall alimtazama Enid, kisha akatazama tena ile kadi, na ilikuwa wazi kwamba mahakama ya kazi ilimpitia kichwani pamoja na huruma. Haijulikani kipi kilikuwa na uzito zaidi.

"Beryl akikubali," akasema hatimaye, "nitaandika leo hii."

Beryl alikuwa kwenye gurudumu lake, kikombe mbele yake hakijaguswa. Enid aliketi mahali pake na kumweleza yote bila kupamba. Beryl alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Siku mbili na nusu hazitoshi, Enid. Wewe unajua ya kwangu."

"Nani kasema mbili na nusu? Zangu mbili. Zako tatu."

"Kwa nini unipe mimi tatu? Baada ya hili nililokufanyia?"

Enid alilizungusha gurudumu, akagusa ukingo wa kikombe kwa brashi, na mstari ukakutana na mwanzo wake bila doa.

"Nina hasira na wewe," akasema, "na sijui zitakwisha lini. Lakini hasira ni zangu na wewe. Wilf hajanikosea kitu."

Beryl alijifunika uso kwa mikono yenye dhahabu, na mabega yake yakaanza kutikisika. Enid aliendelea kuzungusha. Baada ya kikombe cha tatu akanyoosha mkono, bila kumtazama, akamsogezea kitambaa.