Springi ya Lori la Gachanja

Toka Kitale mpaka Sirisia, wenye magari walimjua Walubengo. Kazi aliisomea kwenye shamba la mzungu mmoja karibu na Kibomet, akianzia kuosha matrekta, na vita vilipokwisha akarudi kwao Bungoma akafungua karakana yake: mabati sita juu ya nguzo, mbele ya nyumba anamoishi. Walisema ukimletea gari linalokohoa, atakwambia linaumwa wapi kabla hujashuka.

Lakini macho yalikuwa yamemchoka. Vya mbali aliviona, hata ng'ombe wa jirani ng'ambo ya mto. Vya karibu ndivyo vilivyoyeyuka. Nambari za spana zilimpotea tangu mavuno ya mwaka uliopita, akawa anazijua spana kwa uzito mkononi. Hakumwambia mtu, hata mkewe Edah. Makanika asiyeona, nani atamletea gari?

Basi mwezi wa tatu mwaka 1954, mvua ya kwanza imeshanyesha, akaja Gachanja, rafiki yake wa tangu siku zile za shambani. Lori lake la dizeli lilikuwa linajikokota, limejaa mbegu za mahindi kutoka Kitale. Huko Sirisia watu walikuwa wamelima, udongo umelowa, wanamngoja yeye.

Walubengo akainamisha sikio, akasema ni uchafu kwenye pampu ya dizeli. Akaitoa, akaifungua juu ya gunia. Alipokuwa anaisafisha, springi moja fupi kuliko ukucha wa kidole gumba ikamponyoka na kuruka. Bila hiyo, pampu haifai kitu. Gachanja akasema asisumbuke, akaazima baiskeli kwa jirani akaenda kuulizia nyingine kwenye maduka ya karibu na stesheni.

Walubengo alipobaki peke yake alichukua sumaku aliyoitoa kwenye gari bovu, akaanza kuiburuta chini. Ua ule ulikuwa umemeza vyuma miaka minane. Kila alipoiinua, sumaku ilikuwa imeota ndevu za chenga za chuma na kutu. Aliisogeza karibu na uso, akaipeleka mbali, akapapasa, haoni kitu. Akaifutia kwenye gunia, akarudia tena. Jua lilifika utosini bado amepiga magoti.

Edah alirudi kutoka shambani akamkuta hivyo. Alimletea uji, akasimama akimtazama anavyoisogeza mbali ile sumaku hadi mkono ukaisha. Kisha akaingia ndani akatoka na ungo. Zile chenga zote zilizofutiwa kwenye gunia akazimimina humo, akaketi, akaanza kupepeta kama anavyopepeta wimbi, vumbi likienda na upepo, vidole vikipita polepole kwenye kilichobaki. Mara vidole vikasimama. Akafumba kiganja, kwa maana Gachanja alikuwa anaingia na baiskeli.

Gachanja alisema springi kama ile hakuna, labda Kitale.

“Imepatikana,” Edah akamwambia. “Ilijificha pale kwenye gurudumu. Kaa unywe uji, baba.”

Gachanja akamshukuru Mungu, akaenda kuketi kivulini na kikombe chake. Edah akamsogelea mumewe, akaiweka springi kiganjani mwake.

“Ilikuwa kwenye gunia, Baba Jotham,” akasema kwa sauti ya chini. “Sumaku iliishika zamani.”

Walubengo aliigeuza springi kiganjani. “Kwa hivyo niliifuta kwa mkono wangu.”

“Uliifuta.”

Akamweleza habari za macho, tangu mavuno.

“Mimi nilijua Krismasi,” Edah akasema. “Kanisani ulishika kitabu cha nyimbo mbali kama sufuria ya moto, ukaimba ubeti wa tatu na sisi tuko wa pili. Nilikuwa nangoja uniambie.”

“Niliogopa.”

“Uliniogopa mimi?”

Edah akajifuta mikono kwenye leso, akapiga magoti kando yake, akamwambia amwonyeshe inakaa wapi. Walubengo akashika pampu kwa mikono miwili na kumwelekeza: upande mpana uende chini, isilale, asiilazimishe. Vidole vya Edah viliishusha mahali pake mara ya kwanza. Walubengo akakaza nati kwa kupapasa, kazi aliyoweza kuifanya hata usingizini, akairudisha pampu na kutoa hewa kwenye mabomba. Gachanja akapanda kuwasha. Injini ilikohoa mara mbili, ikatoa moshi mweusi, halafu ikatulia na kunguruma sawasawa.

Gachanja hakuwa mtoto. Aliitazama mikono ya Edah iliyojaa grisi, akamtazama rafiki yake. Aliposhika mlango wa lori alisema Alhamisi atarudi na lori tupu, na mbele kuna nafasi ya watu wawili mpaka Kitale. Pale kuna Mhindi anayeuza miwani. Kisha akaingiza mkono ndani ya koti akatoa miwani yake mwenyewe, sikio moja limefungwa uzi.

“Navaa nikiwa peke yangu barabarani,” akasema. “Hata mke wangu Wacera nyumbani hajui. Usimwambie mtu, bwana.”

Walubengo akacheka mpaka akaegemea gurudumu, na Edah akamwambia Gachanja kwamba huyo Wacera, kama ni mke kweli, anajua.

Alhamisi walikwenda wote wawili. Edah ndiye aliyechagua, akimvisha hii na kuvua ile huku Mhindi akingoja kwa subira. Bungoma walimcheka kwa wiki moja hivi, wakaendelea kuleta magari. Na tangu hapo, ikifunguliwa pampu, Edah huacha alichokuwa anafanya, akavuta kigoda akaketi kando yake, vipuri vidogo vyote vikiwa kwenye bakuli mapajani mwake.