Matairi ya Kwenda kwa Mama

Matairi mawili mapya yalikuwa yameegemezwa ukutani, vibandiko vyake havijabanduliwa, na Mpima alikuwa amechuchumaa mbele yake akiyabonyeza kwa kidole gumba kama mtu anayechagua parachichi. Alibonyeza la kushoto, akabonyeza la kulia, kisha akarudi kwa la kushoto kuona kama limebadili mawazo. Mwenye duka, mama mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba, alikuwa amemweleza asubuhi, akamweleza tena baada ya chai, na sasa alikuwa akimweleza upya bila kununa, maana mteja ni mteja.

La kushoto lilikuwa la safari. Halina kelele, linakwenda masafa marefu bila kulika, ila ukikata kona kwa pupa litateleza kidogo. La kulia lilikuwa la kasi. Hilo linashika lami kama kupe, ukikanyaga breki unasimama pale pale, lakini kashata zake, yaani yale matuta ya mpira yanayogusa barabara, huisha upesi, na kila shimo utalisikia mpaka kwenye uti wa mgongo.

"Kwani wewe unakwenda wapi nalo hilo gari?" mwenye duka akauliza.

"Kwa mama."

"Ungeanza na hapo, bwana."

Mpima akakaa juu ya rimu kuukuu na kumweleza. Alikuwa mpima barabara serikalini, na jina hilo la kazi lilikuwa limemganda hata nyumbani, mkewe akimwita hivyo hivyo. Baba yake alipofariki, mama alihamia kwenye nyumba ndogo karibu tu na mjini. Wakati huo mtu aliweza kwenda, kunywa chai na kurudi kabla kiti chake cha ofisini hakijapoa. Kisha siku moja Mpima akamwambia mama kwamba angekuja Jumapili, na Jumapili ikapita akiwa amelala mbele ya televisheni. Wiki iliyofuata barabara ilikuwa imeongezeka kona. Angekuwa mtu wa kazi nyingine asingeiona, lakini yeye kona alikuwa anazijua. Alipoahidi tena na kutokwenda, pakatokea daraja, na chini ya daraja mto. Baadaye likaja pori zima la mikaratusi, kisha mteremko mrefu wenye vumbi jekundu.

Aliliripoti jambo hilo kazini kama inavyotakiwa. Mkuu wake alisema barabara hukua, akatuma watu wakachomeke nguzo za alama, na tangu hapo analalamika tu kwamba rangi ya kuchorea mistari haitoshi.

Kuna siku Mpima alijikaza, akaenda. Aliendesha mchana kutwa, akapita pori, akapita pori jingine, mafuta yakakaribia kuisha, akageuza. Kurudi hakukuchukua hata wimbo mmoja wa redio. Ila matairi yalikuwa yamekuwa vipara, meupe mpaka nyuzi, na ndiyo sababu alikuwa hapa, gari lake limepandishwa kwenye jeki pale nje, halina mguu hata mmoja.

Mwenye duka alifikiri kwa dhati. Alikuwa amewahi kupata mteja ambaye njia ya kwenda ukweni kwake ilizidi kuwa nyembamba, akamshauri anunue pikipiki. Lakini barabara inayorefuka ilimtia wasiwasi. Kwa urefu, alisema, chukua la safari. Ila kama inarefuka wakati uko njiani, basi kasi inahitajika, uiwahi kabla haijaongeza. Halafu la kasi litakwisha kabla hujafika. Halafu la safari litafika umeshazeeka. Alivua miwani, akaifuta kwa kitenge, akaivaa, na mambo yakabaki vile vile.

Kichwa cha Mpima kilikuwa kinazunguka. Jana yake dada alimpigia simu na kusema magoti ya mama yameanza kumgomea, na kwamba bado kila Jumamosi anabadilisha mashuka ya kile kitanda cha pembeni, akisema kijana wake huenda akaja kulala. Mama hakutaka kingine. Usiku mmoja tu alale chini ya paa lake, asubuhi wanywe chai pamoja. Dada hakufoka. Angefoka ingekuwa nafuu.

Akiwa bado amekaa juu ya rimu, mama yake akaingia dukani. Alikuwa amevaa kandambili na ameshika kikapu kitupu, kama mtu aliyetoka kwenda duka la jirani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Dada yako kaniambia uko kwenye matairi, nikasema nije nikuone." Akayatazama yale mawili ukutani. "Ndiyo haya?"

Mpima akaanza kumweleza habari za kona na za breki. Mama aliitikia kila sentensi kwa kichwa, kwa adabu, kisha akauliza njiani kuna nini hasa.

"Ni mbali, mama."

Mama akageuka akatazama nje. Kutoka mlangoni pa duka nyumba yake ilionekana vizuri, na bati lake lenye kutu, na shuka la maua lililoanikwa kwenye kamba.

"Mimi nimebandika maji ya chai ndipo nikatoka," akasema. "Hayajachemka bado."

Mpima aliona aibu, aibu ya kweli. Akasema fundi akimaliza kufunga matairi atampeleka kwa gari, asichoshe magoti. Mama akatikisa kichwa.

"Nikipanda gari lako sitafika leo, mwanangu. Na maji yatakauka." Akahamisha kikapu mkono wa pili. "Tufuatane kwa miguu basi. Kitanda kipo tayari."

Alitaka kwenda. Hilo lisemwe wazi, alitaka, hata akainuka kwenye rimu na kujipangusa suruali. Lakini gari lilikuwa kwenye jeki, na mtu haliachi gari kwenye jeki. Na viatu vyake vilikuwa vya ofisini. Tena hakuwa amembebea mama hata sukari.

"Jumapili, mama," akasema. "Nikishafunga matairi, Jumapili nakuja."

Mama akamwambia achague vizuri, asikimbilie. Hapo nje, karibu na gari, barabara ikaongeza kona moja, taratibu, na fundi akasogeza sanduku lake la spana lisikanyagwe.

Mama aliipita kona ile bila kuijali. Mpima alisimama mlangoni akamsindikiza kwa macho. Alimwona anasimama kidogo kushika goti, anaendelea, anafika. Alimwona anaanua lile shuka kwenye kamba, analikunja pande nne kifuani, anaingia ndani kulitandika.

Akarudi ndani, akachuchumaa, akabonyeza la kulia.

"Na hili la kasi," akauliza, "nikilijaza upepo kidogo zaidi, litadumu?"

Mwenye duka akavaa miwani yake, akavuta kigoda, akaanza upya na la kushoto.