Kipeperushi Ndani ya Faili la Hadley

Tricia Obermann alikuja shuleni asubuhi ya Ijumaa kabla ya kengele, koti halijafungwa vifungo, nywele zimebanwa vivi hivi. Nilikuwa kwenye chumba cha Lavonne Tjaden naazima gundi. Lavonne na mimi tulifundisha madarasa yanayopakana, yeye darasa la pili, mimi la tatu, na kila siku tulikuwa na sababu ya kuazimana kitu.

Tricia alisimama mlangoni kama mwanafunzi aliyechelewa. Zamani aliwahi kuwa mwanafunzi wa Lavonne, na sasa binti yake Hadley alikuwa amekaa darasa lile lile.

"Mwalimu, nimekuja kwako kwanza," alisema. "Sijaenda kwa mkuu wa shule na sijaandika kitu mtandaoni. Nataka unieleze hiki."

Akatoa karatasi ya manjano. Kila Alhamisi watoto wetu hupeleka nyumbani faili lenye karatasi za wiki: orodha ya chakula cha shule, tangazo la daktari wa meno, mauzo ya mitumba ya kanisa, na kadhalika. Hii nayo ilitoka humo. Upande wa mbele ilikaribisha watu wote kwenye ukumbi wa zimamoto kula supu nzito ya nyama na maharage pamoja na mikate ya mdalasini, watoto bure. Lavonne akaigeuza. Upande wa nyuma alikuta picha ya mumewe anatabasamu chini ya kofia yake yenye nembo ya kampuni ya mbegu za mahindi. Duane Tjaden, mgombea wa baraza la kaunti. Chini yake jina la chama chake, na chini ya chama, kwa herufi kubwa: *Glenda Hauge hafai kuaminiwa. Ataingia mifukoni mwenu.*

Jina la chama sitalitaja. Nikilitaja mtaanza kuchagua upande, na hadithi yenyewe itanishinda.

Glenda Hauge, mpinzani wa Duane kwenye uchaguzi ule, ni shangazi yake Tricia. Ndiye aliyemlea Tricia mama yake alipougua, na Hadley anamwita bibi.

Tricia akatueleza yaliyotokea. Hadley alikuwa mtoto aliyekataa kusoma. Mwaka mzima wa darasa la kwanza alikuwa akifunika kitabu na kulia. Kisha Duane akastaafu kuendesha malori ya nguruwe, akachoka kukaa nyumbani, akaanza kuja shuleni Alhamisi kujitolea: kupanga karatasi kwenye mafaili, kunoa penseli, na kuwasikiliza wanaosoma kwa shida. Kwa Duane, Hadley alisoma. Duane alikuwa na subira ya mtu aliyezoea kungoja nguruwe wapande lori kwa hiari yao. Kufikia Oktoba ile msichana alikuwa anasoma kila kitu anachokiona, kuanzia maboksi ya nafaka hadi vibao vya barabarani.

"Jana mezani akasema atatusomea barua ya Bwana Duane," Tricia alisema. "Akasoma yote, neno kwa neno, hakukwama popote. Kisha akaniuliza, mama, kwa nini Bibi Glenda hafai kuaminiwa?"

Lavonne aliikunja karatasi, akaikunjua tena. Mwisho akamrudishia Tricia, akamwambia asante kwa kuja, na kwamba atalishughulikia leo hii. Tricia alipoondoka, Lavonne aliketi kwenye kiti kidogo cha mtoto, magoti juu, akanitazama. Hakuwa na haja ya kuuliza nani kapanga mafaili jana.

Niwaeleze kidogo kuhusu nyumba yao. Miaka yote aliyofundisha, hakuna mzazi aliyewahi kujua Lavonne anampigia nani kura. Hata Duane hakujua. Lavonne alisema hivi: mtoto wa kila chama anakaa mbele yake, na kila mmoja anastahili kudhani kwamba mwalimu ni wa kwao. Duane alipoamua kugombea, walipatana kwamba kibao chake cha kampeni kikae upande wa gereji, kwenye nyasi anazokata yeye, kisivuke njia ya kuingilia. Kilikaa huko huko, kimeinama kidogo kama mgeni asiyekaribishwa ndani.

Mkuu wetu wa shule, Bwana Pruitt, alikuwa mtu mwema anayeogopa simu. Ijumaa ile simu haikunyamaza. Saa sita mchana alimwita Lavonne, naye akamwambia ukweli wote bila kumzungusha: ni mume wangu, na hakumwomba mtu ruhusa. Bwana Pruitt akajishika kichwa. Akasema chama kingine, cha Glenda, kimeshapiga simu, kinadai haki sawa. Wana kipeperushi chao, wanataka kiingie kwenye mafaili Alhamisi ijayo. Alifikiri akubali tu, yaishe.

Lavonne alimwambia hayataisha. Mkipeleka cha pili, itakuwa mmefanya mara mbili kile ambacho hata mara moja hakikufaa. Bwana Pruitt akasema atalipeleka suala hilo kwenye kikao cha bodi ya shule Jumanne. Ila jambo moja lilikuwa ndani ya uwezo wake, naye akalifanya pale pale: Duane asikanyage tena darasani hadi atakapoambiwa.

Jioni za Ijumaa Duane na Lavonne hula samaki wa kukaanga kule baa ya njia panda. Siku ile alimkuta Duane amevaa shati safi, funguo mkononi. Lavonne akaweka mezani karatasi ya manjano iliyobaki darasani, akaketi akiwa bado na koti. Yaliyosemwa alinisimulia mwenyewe.

"Nani aliweka hii kwenye mafaili?"

"Hiyo ni ya supu, mpenzi."

"Na nyuma?"

Duane akavua kofia. "Nyuma ni mimi."

"Ulijua kuna nini nyuma?"

Duane si mwongo, lakini kama wengi wetu, anaweza kuuacha ukweli ukae chumba cha pili. "Nilijua," alisema. "Nilijiambia ni supu. Kanisa wanaweka zao, maskauti wanaweka zao. Nikasema na mimi ni supu."

Lavonne akamweleza kuhusu meza ya akina Obermann. Duane alipofahamu kwamba Hadley ndiye aliyeisoma, na kwamba hakukwama popote, uso wake ulijaribu kufurahi ukashindwa katikati.

"Mtu mzima akiletewa kipeperushi mlangoni anaweza kukufungia mlango," Lavonne alimwambia. "Mtoto hawezi. Ninachompa anapeleka, kwa sababu nimempa mimi. Umenitumia mimi, Duane. Umewatumia wao."

Alisema hakupandisha sauti, na kwamba ndiyo sababu Duane alilia. Alilia kimya, akijifuta kwa kofia. Lavonne akavua koti, akamkaangia mayai, wakala bila maneno mengi. Walipomaliza Duane akauliza kama anafaa kujitoa kwenye uchaguzi. Lavonne akamwambia hilo ni lake na wapiga kura, asimtwike yeye. Yeye alichotaka ni zile karatasi zirudi.

Hivyo Jumamosi asubuhi Duane alipanda gari lake akaanza kuzungukia nyumba. Mji wetu ni mdogo, ila watoto wengine wanakaa mashambani huko, nyuma ya mahindi yaliyokuwa yanavunwa wiki ile, na alikwenda hadi huko. Aliacha nyumbani kofia ya kampeni yenye jina lake. Alijiwekea sharti: kuomba radhi, kuchukua karatasi, na kuondoka. Ilikuwa kazi ngumu kuliko alivyodhani, maana mgombea akigonga mlango watu hudhani amekuja kuomba kura. Mkulima mmoja alitaka kujua atafanya nini na daraja la kijito, naye akajibu, "Leo siongelei daraja, nimekuja kuchukua takataka yangu." Mwingine alimwambia kura yake anayo. Duane akamwomba amwambie siku nyingine, leo isihesabiwe. Bibi mmoja alikuwa ameshaitumia karatasi yake kuwashia jiko. Mwanamke mmoja, ambaye Duane alimbebea nguruwe miaka mingi bila kumchelewesha hata siku moja, alimsikiliza hadi mwisho kisha akafunga mlango bila neno. Mwenyekiti wa chama chake naye akampigia simu njiani, akamwambia anatia aibu, mgombea gani anaomba radhi wiki mbili kabla ya kura. Duane akasema mgombea huyu, akakata.

Kwa akina Obermann alifika Jumapili baada ya ibada. Kibao cha Glenda kilikuwa kimesimama wima uani. Tricia alifungua mlango, akamwangalia, akamsikiliza amesimama barazani kwenye upepo.

"Mimi nilitaka kushinda," Duane alimwambia. "Sina maelezo mazuri zaidi ya hayo. Nilitaka kushinda, nikaona mafaili yako pale mbele yangu."

Tricia akasema angalau hilo ni jibu. Hadley akatokea nyuma yake ameshika karatasi ile kifuani. Alikuwa ameipaka rangi. Duane wa pichani alikuwa na nywele za zambarau na nguruwe begani. Hakutaka kuitoa.

"Nimeisoma yote," alimwambia.

Duane akachuchumaa, magoti yakalia. "Nimesikia. Umesoma vizuri kuliko ilivyoandikwa. Lakini maneno ya nyuma si ya kweli, Hadley. Simjui Bibi yako Glenda kuwa mtu wa kutoaminiwa. Niliyaweka kwa sababu nilitaka watu wanichague mimi."

Hadley alifikiri. "Kwa hiyo ulidanganya."

"Ndiyo."

"Umemwambia yeye?"

Hakuwa amemwambia. Alikuwa ameipanga nyumba ya Glenda mwisho kabisa, na pengine moyoni alitumaini giza litaingia kabla hajafika. Hadley akampa karatasi, akaivuta nyuma, akachana ile sehemu ya maneno kwa uangalifu wa mtoto anayefuata mstari, akampa maneno na kubaki na picha. Tricia aligeukia pembeni. Duane alisema hadi leo hajui alikuwa anacheka au vipi.

Glenda Hauge ana duka la mbegu na vyakula vya mifugo. Alimkuta nyuma ya kaunta anafunga hesabu ya maboga, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe.

"Duane Tjaden. Umekuja kuniomba radhi au kura?"

"Radhi. Kura yako najua iliko."

Akammiminia kahawa bila kumuuliza kama anataka. Duane akasema yote, akaweka mezani kile kipande kilichochanwa, akamweleza nani amekichana. Glenda akakitazama kwa muda mrefu. Kisha akafungua droo, akatoa kipeperushi cha buluu. Kilikuwa chake, kile ambacho chama chake kilitaka kiingie kwenye mafaili Alhamisi. Akamgeuzia nyuma. Kulikuwa na picha ya Duane, mbaya, mdomo wazi, na maneno: *Duane Tjaden: mwongo wa siku nyingi.*

"Sikukiandika mimi," Glenda alisema. "Lakini nilikisoma nikacheka, nikasema kiende."

Nadhani wote wawili walikuwa wanaona meza ile ile, na mtoto yule yule akisoma bila kukwama, safari hii juu ya mzee aliyemfundisha.

"Alhamisi hakiendi," Glenda alisema mwisho. "Nitawaambia wenzangu. Watanikasirikia wiki nzima, halafu watasahau, maana nawauzia mbegu kwa mkopo."

Kikao cha Jumanne kilijaa kuliko tamasha la Krismasi. Watu walikuja kuona vita. Duane alisimama akasema alichofanya kwa sentensi chache, akataja kwamba mkewe hakujua. Glenda akasimama akafuta dai la chama chake. Mwanamume mmoja nyuma akalalamika kwamba ameendesha gari kutoka shambani kwa ajili ya hiki tu, watu wakacheka, na bodi ikapitisha kwamba karatasi ya chama chochote haitapita mikononi mwa mtoto, na kila kinachoingia kwenye faili kionwe kwanza na mkuu wa shule. Bwana Pruitt alikubali akiwa na sura ya mtu aliyeongezewa simu. Lavonne aliketi karibu nami, mikono mapajani. Duane aliporudi kukaa, Lavonne alisogeza mkoba wake kumpisha, na ule mkono haukurudi mapajani. Ulibaki juu ya goti la Duane.

Glenda alishinda, si kwa kura nyingi. Duane alimpigia simu kumpongeza kabla redio haijatangaza, na Glenda akamuuliza lile daraja la kijito angelifanyaje. Waliongea juu ya daraja kwa muda mrefu.

Hadi hapo Bwana Pruitt hakuwa amemrudisha Duane. Kila Alhamisi Duane alikuwa akipita nje ya shule kwa gari, polepole, kisha anaendelea. Lavonne aliona, hakumtetea. Alisema kama angemwombea, ingekuwa tena Duane anamtumia yeye kupita mlangoni.

Februari, barafu ikiwa imeganda barabarani, dereva wa basi la njia ya kaskazini alianguka akavunjika nyonga. Hakuna aliyetaka njia ile wakati wa baridi. Ni vilima na kona hadi mpaka wa kaunti. Bwana Pruitt alipiga simu kila mahali, kisha, peke yake, bila kushauriwa na mtu, akampigia Duane. Alimuuliza kama leseni yake ya magari makubwa bado inafanya kazi. Alimwambia pia kwamba wazazi wa njia ile ameshawauliza mmoja mmoja, na wa kwanza kusema ndiyo alikuwa Tricia Obermann.

Asubuhi ya kwanza Lavonne na mimi tulitoka kusimama mlangoni bila makoti, kama wajinga. Basi la manjano lilikuja likipanda kilima taratibu, likasimama pale pale linapotakiwa bila kuteleza hata kidogo. Mlango ukafunguka. Duane alikuwa nyuma ya usukani, kofia ya sufu masikioni, anatazama mbele kwa ukali wa dereva wa kweli, na nyuma yake watoto walikuwa wanaimba kitu ambacho hakuna mtu mzima angeweza kukielewa. Walishuka mmoja mmoja. Kila aliyeshuka alimwambia kwaheri, naye akamjibu kila mmoja kwa jina.

Lavonne aliingia ndani kabla ya kengele. Alikuwa anacheka, na pua yake ilikuwa nyekundu kwa baridi.