Vibanda vya Muhogo

Nyuma ya nyumba yao mjini Kasongo, Zéphirin, mwalimu wa biolojia, alijenga vibanda viwili vya plastiki na kupanda muhogo katika vyote. Kimoja alikiunganisha kwa bomba la mpira na mapipa ya mahindi yanayochacha, ili hewa ya kaboni inayotoka humo iingie kwenye mimea. Hewa hiyo inazidi kuongezeka duniani, naye alitaka kujua sombe ya wajukuu wake, mboga ile ya majani ya muhogo, itakuwaje.

"Jani ni jiko," alimwambia mkewe Sidonie. "Linavuta hewa ile, linaipika na maji kwa mwanga wa jua, linatoa sukari. Hewa ikizidi, labda tutapata bugali nyingi. Lakini mboga je? Ile inayojenga mwili wa mutoto?"

Mathilde, jirani yao, alisikia harufu ya mapipa akaja na wasiwasi. "Mama Laura, bwana yako iko anapika lotoko, ile pombe kali?"

"Anapika hewa," Sidonie alijibu, wakacheka wote.

Kisha Zéphirin akaenda Bukavu kujifunza kupima protini ya majani. Alikusudia kukaa msimu mmoja tu, lakini vita vikafunga barabara.

Sidonie akabaki na bintiye Laura, na muhogo. Kila asubuhi alikoroga mapipa. Katika kibanda chenye mpira aliimba, akamtaja mumewe kwa jina, hata akamgombeza. Katika kile kingine alipalilia kimya, akienda nje kila alipotaka kupumua kwa nguvu. Zéphirin alikuwa amemwambia kwamba pumzi ya mutu nayo ni hewa ileile, na hakutaka kumharibia kazi.

Mtandao ulipokubali, Zéphirin alipiga simu. "Majani iko namna gani?"

"Mapana, ya kijani. Na mimi, Papa Laura? Hauniulize?"

"Naogopa. Nikikuuliza, nitatoka huku kwa miguu."

Muhogo ulipokomaa, mama na binti waling'oa. Mizizi ya kibanda cha hewa nyingi ilikuwa minene, mmoja ukamshinda Laura kuuinua. Sidonie alikausha majani kivulini, akayatia katika mifuko miwili, akampa Nuru, mama mchuuzi aliyezoea kupenya hadi Bukavu kwa njia za porini za Kabambare.

Mvua zilikuja zikapita. Hatimaye simu ikalia.

"Yamefika," Zéphirin alisema. "Nilipofungua mfuko, chumba kizima kilinukia nyumbani. Nikashindwa kupima siku ile."

"Na kisha?"

"Mizizi imenenepa, Mama Laura, lakini sombe imekonda. Majani ya hewa nyingi yana protini pungufu. Mutoto atashiba, na bado mwili utadai."

Sidonie alikuwa ameingoja habari hiyo kwa muda mrefu, ila sasa haikumtosha. "Utarudi lini?"

"Barabara ikifunguka."

Jioni alimwendea Nuru. Nuru alimweleza hatari zote za njia, bila kuficha hata moja. Sidonie alimsikiliza hadi mwisho, akauliza tu kama kuna nafasi ya watu wawili.

Pikipiki zilipoondoka kuelekea Kabambare, Mathilde alikuwa mlangoni na kikapu cha mihogo. Sidonie alimpungia mkono, akamkumbatia Laura aliyeketi mbele yake, na hakugeuka tena.