Mnyororo wa Santa Eduvigis

Idalmis alijua amekosea tangu aliposikia sauti ya mjomba wake Eleuterio mlangoni pa jumba la sanaa, katika mji wa Matanzas. Mnyororo uliomfunga bibi mkuu wa ukoo wao enzi za utumwa, katika shamba la miwa la Santa Eduvigis, ulikaa uani kwa mzee miaka yote, ukilishwa damu ya jogoo na ramu kwa tambiko kila Desemba, mpaka ukaota gamba jeusi. Idalmis aliuazima ili auonyeshe. Kisha akausugua kwa msasa na tindikali, ung'ae chini ya taa. Hakuuliza mtu. Sifa za picha zake zilishamlevya.

Mzee aliingia na panga la kukatia miwa. Wageni wakampisha, glasi za mvinyo mkononi.

"Umemvua nguo bibi yako mbele za watu," alisema. "Miaka mia na arobaini tunamvisha, wewe umemvua asubuhi moja."

"Mjomba, tukaongee nje."

"Nje kuna nini? Nimekulea mimi, leo unanionea haya? Nipe mnyororo."

"Onyesho likiisha nitakuletea mwenyewe. Hii ni kazi yangu ya miaka mitatu."

"Kazi gani, we mtoto? Kusugua?"

Panga likashuka. Lilipasua picha ya kwanza, likapasua ya pili, na wanawake aliowachora kwa masizi wakaning'inia vipande vipande. Idalmis akamrukia. Mzee akamtandika kiwiko cha mdomo, jino likamtoka. Hapo hasira zikampanda hata asione mbele. Aliung'oa mnyororo ukutani, akauzungusha, akamchapa nao mzee usoni.

Eleuterio alianguka chali. Shavu lilikuwa limepasuka mpaka mfupa ukaonekana, na jicho moja lilijaa damu.

Kisha bwana mmoja wa Madrid akaanza kupiga makofi, na wenzake wakafuata, simu juu, wakidhani ni sehemu ya onyesho.

"Hata nyapara hakupiga usoni," mzee alisema polepole. "Uso ukiharibika, bei ilishuka."

Idalmis alipiga magoti, akalibana lile shavu kwa viganja vyake, damu ikampenya vidoleni. Aliona aibu iliyomuuma kuliko ufizi. Wageni waliendelea kupiga makofi, na ni yeye aliyewaalika.