Wote Waingie au Asiingie Hata Mmoja

Siku ya kufungua usajili wa shule, Chiriku hakunywa hata chai. Nyumbani walimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haupumziki, lakini asubuhi hiyo alikaa kimya ofisini mbele ya kompyuta, mguu wake ukitikisa meza nzima.

"Utatuangushia mitambo," alisema Mzee wa Seva, fundi mwenzake, ambaye si mzee wala nini. Kipara tu kilimuwahi.

Fomu ya usajili ilikuwa kazi ya Chiriku. Ile ya zamani, jamani, ilikuwa adhabu! Kila mtoto fomu yake, mzazi ajaze jina na simu upya kila mara, na nafasi zikiisha katikati, kaka anaangukia shule ya mlimani, dada ya bondeni. Hii mpya ilipokea familia nzima kwa mpigo: unajaza mlezi, unabonyeza "Ongeza mtoto" mpaka waishe, kisha unatuma mara moja tu.

Haikuja kirahisi. Alipoijaribu kwa familia ya kubuni, Mama Kuku na vifaranga wake, vifaranga walihifadhiwa kabla ya mama yao, wakabaki yatima ndani ya mfumo. Mzee wa Seva alicheka mpaka akashika mbavu. Chiriku akapanga upya: mama atangulie apewe namba, watoto wafuate na namba yake mgongoni. Halafu akaweka sheria moja kubwa: wote waingie au asiingie hata mmoja. Mtoto mmoja akiwa na kasoro, familia nzima inarudishwa mlangoni.

"Kali hiyo," Mzee wa Seva alisema.

"Acha iwe kali. Familia haikatwi vipande."

Alikuwa na sababu zake. Shangazi yake hakuzaa, lakini kulea amelea. Alimlea Chiriku tangu hajaota meno, na sasa, goti limeshaanza kugoma, alikuwa analea watoto watatu wa mdogo wake aliyefariki: pacha wawili na dada yao. Shule ya jirani ilikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni. Wakitawanywa shule mbili, nani angewapeleka na goti lile?

Usajili ukafunguliwa. Familia ya watoto wawili, ikaingia. Ya wanne, ikaingia! Chiriku akaruka juu, akampiga mwenzake kofi la mgongoni. "Unaona mambo? Unaona?"

Simu ikalia. Ni Shangazi.

"We mtoto, fomu yako imenikataa."

"Haiwezekani! Umejaza tarehe za kuzaliwa?"

"Zote. Inasema kuna mtoto ana kasoro. Watoto wangu mimi wana kasoro gani?"

Chiriku akatupia jicho nafasi za shule ya jirani. Zilikuwa zinayeyuka. Alitoka mbio bila kuaga, akakata mtaa, nusura aangushe baiskeli ya watu, akaingia jikoni kwa Shangazi akihema. Shangazi alikuwa mezani, miwani puani, watoto watatu wamemlalia mabegani.

"Pisheni, pisheni!" Akaishika simu. Pacha wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa. Dada yao, sawa. Kumbe chini yao kulikuwa na mtoto wa nne.

"Shangazi! Huyu ni mimi!"

"Najua ni wewe, nilikuwa nakuogesha. Imeniambia nijaze watoto wote ninaowalea. Sasa nikuruke?"

"Hii ni shule ya msingi, Shangazi! Mimi nafanya kazi!"

Pacha walianguka chini kwa kicheko. Chiriku akapeleka kidole afute jina lake, Shangazi akamdaka mkono.

"Simfuti mtoto wangu."

"Nafasi zinaisha!"

"Na ziishe. Si ulinitambia mwenyewe, hapa hapa jikoni, kwamba wote waingie au asiingie hata mmoja?"

Chiriku aliirudia simu. Akapandisha ukurasa hadi juu. Chini ya jina la Shangazi palikuwa na nafasi tupu: Mlezi wa pili. Aliiweka yeye mwenyewe, akamwambia Mzee wa Seva si lazima ijazwe, maana si kila nyumba ina mtu wa pili. Akalitoa jina lake kwenye orodha ya watoto, akalipandisha hadi kwenye nafasi ile, chini ya jina la Shangazi.

"Na hapo je?"

Shangazi akasoma. Akarekebisha miwani, akasoma tena.

"Una hakika? Hiyo kazi haina likizo."

"Kidole kimoja hakivunji chawa. Bonyeza, Shangazi, bonyeza!"

Shangazi akabonyeza. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, vichwa vyote vitano vimeinamia simu. Kisha maandishi ya kijani: Familia imesajiliwa, shule ya jirani. Watoto watatu. Walezi wawili.

Nyumba ililipuka kwa vigelegele. Watoto wakamrukia Chiriku, nusura wamwangushe. Shangazi alifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa, akavuta kiti cha pili karibu na chake.

"Haya, mlezi mwenzangu," alisema. "Kaa unywe chai. Shule ikifunguliwa, unawapeleka wewe."